Kwenda si Kufika: Kitenzi -enda cha Kinyakyusa na Somo Lake kwa Wanaisimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wanaisimu wa Kiswahili kumejengeka dhana kwamba lugha za Kibantu zinazopakana na Kiswahili ni rahisi kuzieleza kwa Kiswahili, kwa sababu sehemu kubwa ya msamiati wake wa msingi una asili moja na msamiati wa Kiswahili. Mtafiti anapokuta katika lugha anayoichunguza neno lenye umbo lile lile analolifahamu tangu utotoni, huliandika, huweka mbele yake neno la Kiswahili linalofanana nalo, kisha huendelea na neno linalofuata. Kwa njia hiyo orodha ya maneno hukamilika upesi, na aghalabu hakuna anayerudi nyuma kuihakiki.

Makala haya yanadai kwamba maneno hayo yanayofanana ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Neno geni humlazimisha mtafiti kuuliza, bali neno linalofanana na la kwake humfanya aamini kwamba ameshapata jibu. Kielelezo kilichochaguliwa ni kitenzi kimoja cha mwendo, -enda, kama kinavyotumika katika Kinyakyusa, lugha inayosemwa Masoko na katika sehemu nyingine za wilaya ya Rungwe. Kitenzi hiki kina umbo moja na kile cha Kiswahili, lakini kazi zake si zile zile. Makala yatakwenda mbali zaidi na kudai kwamba matumizi ya Kinyakyusa yanasaidia kueleza mambo kadhaa ya Kiswahili chenyewe ambayo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa ni nahau tu. Kwa hiyo, kuilinganisha lugha ya Masoko na Kiswahili kwa uangalifu ni kazi inayomhusu pia mwanaisimu ambaye shabaha yake ni Kiswahili peke yake.

2.0 Masoko na Lugha Yake

Masoko iko katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, upande wa chini ya mji wa Tukuyu. Watu wengi wa nje wanaijua kwa sababu ya ziwa lake dogo lililomo ndani ya kreta ya volkano, na kwa sababu ya boma lililojengwa hapo wakati wa utawala wa Wajerumani, enzi ambazo Tukuyu yenyewe iliitwa Neu Langenburg. Nchi yote hii ni ya miteremko. Kaskazini unasimama mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, na kusini ardhi inashuka hadi uwanda wa Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Masoko anapotoka nyumbani kwake, ama anapanda ama anateremka.

Lugha ya wakazi wa asili wa hapa ni Kinyakyusa, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi M na kukipa alama M.31. Kinasemwa Rungwe, Busokelo na Kyela, na kina lahaja kadhaa, zikiwamo Kimwamba, Kikukwe na Kiselya. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, husemwa Kingonde, ambacho ni ndugu yake wa karibu mno.

Kinyakyusa si lugha iliyosahauliwa na wataalamu. Sarufi ya Carl Schumann ilichapishwa mwaka 1899, na mazoezi ya lugha yaliyoandikwa na Karl Endemann yalitoka Hamburg mwaka 1914. Derek Nurse aliijumuisha lugha hii katika maelezo yake ya lugha teule za Kibantu za Tanzania mwaka 1979. Mwaka 1996 ilitoka kamusi ya Knut Felberg ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 2017 kikachapishwa kitabu cha Bastian Persohn kinachochambua kwa kina kitenzi cha Kinyakyusa, hususan njeo, hali na dhamira. Ila ukiacha safu ya Kiswahili katika kamusi ya Felberg, kazi hizi zimeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuijua sarufi ya lugha ya bibi yake hulazimika kuisoma kwa lugha ya tatu, na wakati mwingine kwa lugha ya nne.

Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu hubadili maana. Kwa kuwa hoja za makala haya ni za maana wala si za fonolojia, maumbo yameandikwa kwa herufi tano za irabu zilizozoeleka katika Kiswahili, na irabu ndefu zimeonyeshwa kwa kurudia herufi.

3.0 Vitenzi Viwili Palipo na Kimoja

Katika Kinyakyusa, dhana ambazo Kiswahili huzibeba kwa -enda zimegawanywa baina ya vitenzi viwili. Cha kwanza ni -buuka, kinachotaja kuondoka hapa kuelekea mahali pengine. Cha pili ni -enda, kinachotaja tendo la kutembea au kuwamo safarini, bila kujifunga na mahali pa kufikia. Linganisha sentensi hizi:

(1) a. Tukubuuka ku Tukuyu.
 'Tunakwenda Tukuyu.'
 b. Tukwenda.
 'Tunatembea, tumo njiani.'

Katika (1a) msemaji anataja mwisho wa njia. Hata mahali pasipotajwa, msikilizaji anajua kwamba pako, kwa maana kitenzi chenyewe kinapadai. Mtu akisema abuukile, yaani 'amekwenda', anayezungumzwa hayupo tena hapa. Katika (1b) kinachotajwa ni mwendo wenyewe. Mtu anaweza kutembea asubuhi hadi jioni na kurudi pale pale alipoanzia, naye atakuwa ametimiza kila kinachodaiwa na kitenzi hiki.

Hii ndiyo tofauti ambayo wanaisimu kama Leonard Talmy wamekuwa wakiisisitiza tangu miaka ya 1980, kwamba katika tukio la mwendo ni lazima kutenganisha njia inayofuatwa na namna ya kwenda. Lugha huchagua ni kipi kiingie ndani ya shina la kitenzi na ni kipi kiachiwe maneno mengine katika sentensi. Kinyakyusa kimeweka njia katika -buuka na namna katika -enda. Kiswahili kimeyachanganya katika shina moja, kisha kikaliachia neno la pili, -tembea, sehemu ya mzigo huo.

Mgawanyo wa Kinyakyusa si jambo la pekee. Katika Kichewa, lugha jirani ya upande wa pili wa Ziwa Nyasa, kuyenda ni kutembea au kusafiri, ilhali anayekwenda Blantyre hutumia kupita. Katika Kinyarwanda, kugenda ni kutembea au kuondoka, na anayekwenda Kigali hutumia kujya. Katika Kizulu shina ni jingine lakini mpango ni ule ule: -hamba kwa mwendo na -ya kwa mahali pa kufikia. Kwa upande mwingine, zipo lugha zilizofuata njia ya Kiswahili. Kiganda kina -genda kwa 'enda' na -tambula kwa 'tembea', Kilingala kina -kende na -tambola, na Kishona kina -enda na -famba.

Wanaisimu linganishi wameunda upya mzizi *-gend- wa Mame-Bantu kwa maana za kutembea, kusafiri na kwenda. Lugha binti zimegawana urithi huo, kila moja ikachukua sehemu yake. Ushahidi kwamba maana ya mwendo ni ya zamani sana unatokana na nomino. Kinyarwanda kina urugendo, Kiganda kina olugendo, Kikikuyu kina rũgendo, na Kichewa kina ulendo, na yote manne ni majina ya safari. Kiganda kimesarifu kitenzi kikawa cha 'kwenda mahali', lakini nomino yake imebaki na maana ya mwendo. Kiswahili kilichukua safari kutoka Kiarabu, na jina lake la asili, mwendo, likabaki kutaja kasi, umbali na jinsi ya kwenda.

Kikikuyu kinatoa onyo la ziada. Katika lugha hiyo kwenda ni 'kupenda, kutaka', neno lisilohusiana kabisa na mzizi unaojadiliwa hapa, ingawa masikio ya Mswahili yanalisikia kama lake. Kwa hiyo umbo linaweza kudanganya kwa namna mbili. Linaweza kufanana na umbo la Kiswahili huku asili zikiwa tofauti, kama katika Kikikuyu, au linaweza kuwa na asili moja huku maana zikiwa zimeachana, kama katika Kinyakyusa. Udanganyifu wa kwanza hugunduliwa mara moja kwa kuwa sentensi hazina maana. Udanganyifu wa pili unaweza kukaa katika kamusi kwa kizazi kizima, kwa kuwa kila sentensi inaelekea kuwa sahihi.

4.0 Alama za Kale katika Kiswahili

Ikiwa maana ya mwendo usiokuwa na mwisho maalumu ni ya kale, basi inategemewa kwamba Kiswahili nacho kimehifadhi alama zake. Ndivyo ilivyo, na alama hizo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza, yako majina yaliyonyambuliwa. Mwendo hautaji mahali. Husemwa mwendo wa pole, mwendo wa kasi, mwendo wa siku tatu. Mwenendo, ambao ni tabia ya mtu, umetokana na shina lililorudufiwa, -enenda, ambalo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1952 walilichagua walipotaka kueleza jinsi mtu anavyoishi. Hakuna anayeuliza mwenendo wa fulani unafika wapi. Kadhalika -endelea na -endesha, vilivyo vitoto vya -enda, vinahusu kudumu kwa tendo na kulifanya litendeke, wala si kuwasili popote.

Pili, yako matumizi ya kila siku ambayo hayakubali kuongezewa mahali:

(2) a. Saa yangu haiendi.
 b. Mambo yanakwenda vizuri.
 c. Gari hili linakwenda kwa dizeli.
 d. Farasi alikwenda mbio.

Mtu akiuliza 'wapi?' baada ya (2a) au (2b), atachekwa. Sentensi hizi huorodheshwa kama nahau au matumizi ya kitamathali, kana kwamba saa imefananishwa na msafiri. Lakini kwa msemaji wa lugha ambayo -enda ni 'kuwa katika mwendo', hakuna tamathali yoyote hapo. Saa isiyokwenda ni saa iliyosimama. Maana hiyo ni ya msingi, na iliyozuka baadaye ni ile ya kwenda mahali.

Tatu, ziko methali, ambazo kwa kawaida huhifadhi sarufi ya vizazi vilivyopita. 'Mwenda pole hajikwai' inazungumzia namna ya kutembea. 'Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani' inamzungumzia mtu anayezunguka ndani ya chombo, kutoka nyuma hadi mbele, bila kutoka nje ya chombo hicho. Nayo 'Kwenda mbio si kufika' inatenganisha waziwazi mwendo na kuwasili. Methali hii ingepoteza nguvu kama -enda ingekuwa na mahali pa kufikia ndani yake. Ingekuwa sawa na kusema kwamba kuelekea mahali si kuelekea mahali.

Nne, uko utata ambao mzungumzaji wa Kiswahili ameuzoea kiasi cha kutouona:

(3) Alikwenda saa nne.

Sentensi hii ina tafsiri mbili. Katika ya kwanza, mhusika aliondoka ilipogonga saa nne. Katika ya pili, alikuwa njiani kwa muda wa saa nne. Ni kweli kwamba neno saa lenyewe hutaja wakati na hutaja muda pia, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza utata huu. Sentensi 'Alifika saa nne' ina neno lile lile, nayo haina utata, kwa kuwa kufika hakuna muda ndani yake. Utata wa (3) unatokana na kitenzi, ambacho kwa wakati mmoja ni tukio lenye kikomo na ni tendo linaloweza kuendelea. Kwa maneno mengine, ndani ya -enda ya Kiswahili vimelala vitenzi viwili vya Kinyakyusa.

Inafaa pia kulitazama neno -tembea. Siku hizi neno hili limekuwa kisawe cha kawaida cha kwenda kwa miguu. Walakini matembezi ni mwendo wa starehe, kumtembelea mtu ni kwenda kumjulia hali, na anayesema 'nimekuja kutembea tu' hazungumzii miguu yake hata kidogo. Neno hili lina historia ya matumizi ya mapumziko na ujirani, na limeingizwa katika kazi ya kutaja namna ya mwendo kwa kuwa -enda ilikuwa imejaa kazi nyingine. Mtafiti anayeweka -tembea kuwa fasili ya pekee ya -enda ya Kinyakyusa anakuwa ameingiza katika lugha hiyo starehe na ujirani ambao haumo.

5.0 Kutoka katika Mwendo hadi katika Sarufi

Vitenzi vya mwendo vina desturi ya kupoteza miguu yao na kuwa viungo vya sarufi. Katika Kiganda -genda hutumika kuunda wakati ujao wa karibu. Katika Kiswahili, kitenzi -ja kinasadikiwa na wanaisimu wengi kuwa ndicho chanzo cha -ja- katika hajafika, na kinaonekana pia katika japo na ijapokuwa. Katika 'Atakuja kujuta', hakuna anayetarajia kumwona mjutaji akikaribia mlangoni.

-Enda nayo imezaa maneno mawili ya namna hii, endapo na huenda. Neno la pili lina umuhimu wa pekee kwa hoja ya makala haya. Kwa kawaida huenda hufasiriwa 'labda', na asili yake hutajwa kuwa ni kiambishi hu- cha mazoea pamoja na -enda. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwani hayasemi ni -enda ipi. Ikiwa ni ile ya kuelekea mahali, si rahisi kuona jinsi uelekeo ulivyogeuka kuwa shaka. Ikiwa ni ile ya kuwa katika mwendo, njia inaonekana. Methali ya 'Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota' inaonyesha hatua zenyewe. Mtu anatembea bila kusudio, na katika kutembea huko hutokea akaokota kitu. Tendo la mazoea linafuatwa na tukio lisilo la hakika lenye kiambishi -ka-. Msikilizaji wa kwanza alisikia 'hutembea, akaokota', na msikilizaji wa leo anasikia 'labda ataokota'. Tafsiri zote mbili zinakaa katika maneno yale yale, na ndiyo hali inayotegemewa katika hatua ya katikati ya usarufishaji.

Uchambuzi huu ni pendekezo, nao unahitaji kupimwa kwa matini za kale za Kiswahili. Hata hivyo, ni pendekezo ambalo lisingejitokeza kwa mtu aliyetazama Kiswahili peke yake, kwa kuwa katika Kiswahili maana hizo mbili zimefungwa ndani ya umbo moja. Zinaonekana wazi pale zilipotenganishwa, kama zinavyosemwa Masoko.

Jambo la pili ni -ka-. Katika Kiswahili, anayeagiza 'Kamwite mwalimu' anamtaka msikilizaji aondoke kwanza, ndipo aite. Kuondoka huko hakukutajwa na kitenzi chochote, bali kumebebwa na kiambishi. Kinyakyusa nacho kina kiambishi ka- katika dhamira ya matilaba, nacho huonyesha kwamba tendo litafanyika mbali na mahali pa mazungumzo. Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba -ka- ni ya mfuatano wa matukio katika masimulizi, kisha matumizi ya 'kamwite' huongezwa mwishoni kama tanbihi. Ulinganisho na Kinyakyusa unashauri kwamba tanbihi hiyo ingestahili kupewa nafasi sawa na kanuni, kwa sababu umbali wa mahali na mfuatano wa wakati ni mambo yanayokaribiana katika lugha nyingi za Kibantu.

6.0 Pingamizi Zinazoweza Kutolewa

Pingamizi la kwanza ni kwamba tofauti hizi ni ndogo na muktadha huziondoa. Mzungumzaji wa Kinyakyusa anayejua Kiswahili hatakosa kuelewa 'Ninakwenda Tukuyu'. Hilo ni kweli kwa mazungumzo ya sokoni. Lakini kamusi na sarufi haziandikwi kwa ajili ya wale wanaoijua lugha tayari na wanaoweza kujisahihisha. Zinaandikwa kwa ajili ya wasioijua, pamoja na wajukuu watakaokuja kuitafuta lugha ikiwa imepungua midomoni. Kwao kosa dogo katika kitenzi cha msingi halina wa kulirekebisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inawezekana kudaiwa kwamba kuonya dhidi ya Kiswahili kama chombo cha uchunguzi ni kuwarudisha watafiti kwenye Kijerumani na Kiingereza. Makala haya yanashikilia kinyume cha hilo. Kiswahili kina uwezo wote wa kueleza tofauti ya -buuka na -enda, kama sehemu zilizotangulia zilivyokusudia kuonyesha. Kinachokataliwa ni kukitumia Kiswahili kama kipimo, yaani kuchukua vidahizo vyake na kuvitafutia mshirika katika lugha nyingine, kimoja kwa kimoja. Kuieleza lugha kwa Kiswahili ni jambo jema na linalohitajika, bali kuipima lugha kwa orodha ya Kiswahili ni jambo jingine. Kiingereza hakina kinga ya kosa hilo, kwani anayeanza na orodha ya Kiingereza huingia katika shimo jingine lenye kina kile kile.

Ulimwengu mpana unatoa mfano wa kuzingatiwa. Wakaruk wa kaskazini mwa California wanaishi kando ya mto Klamath, na jina walilopewa linatokana na neno la lugha yao lenye maana ya 'upande wa juu wa mto'. Vitenzi vyao vya mwendo huchukua viambishi tamati vinavyotaja uelekeo, zikiwamo pande za kupanda na kushuka mto. William Bright, aliyechapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1957, alifanya kazi yake kwa kukusanya pia hadithi na masimulizi marefu, na mfumo wa uelekeo unaonekana humo ukifanya kazi. Lau angeuliza tu 'mnasemaje kwenda?', angepata jibu moja fupi, na mto wote ungepotea.

Pingamizi la tatu ni kwamba Kinyakyusa chenyewe hakitabaki kilivyo. Watoto wa Rungwe husoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na si ajabu maana ya -enda ya Kiswahili ikahamia katika -enda ya kwao, hasa kwa kuwa umbo ni moja na mlango uko wazi. Lugha hubadilika, na hakuna mwanaisimu anayepaswa kuomboleza kwa sababu hiyo. Ila badiliko haliwezi kuchunguzwa ikiwa hali iliyolitangulia haikuandikwa. Ikiwa orodha zilizopo zinasawazisha -enda hizi mbili, mtafiti atakayekuja baada ya miaka 30 na kukuta zimesawazika hataweza kujua kama ni wasemaji waliozisawazisha au ni waandishi wa kamusi.

7.0 Mapendekezo

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa ni hazina ya kutafitiwa na kuhifadhiwa. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa misamiati na sarufi za lugha kadhaa pamoja na atlasi ya lugha ya mwaka 2009. Msingi umewekwa. Kinachopendekezwa hapa ni jinsi ya kujenga juu ya msingi huo, nacho kinahusu mambo matatu.

La kwanza ni utaratibu wa kukusanya data. Vitenzi vya mwendo visikusanywe kwa kuuliza visawe. Viulizwe kwa mazingira. Mtafiti aliyeko Masoko amwombe mzee aeleze jinsi mtu anavyotoka ziwani hadi Tukuyu na kurudi, aeleze mtoto anayeanza kupiga hatua, mgonjwa anayejikongoja, ng'ombe wanaorudi zizini, na mgeni aliyeondoka bila kuaga. Kisha ajaribu kubadilisha kitenzi kimoja kwa kingine na kuuliza ni sentensi ipi inakataa. Sentensi inayokataa humfundisha mtafiti zaidi ya kumi zinazokubali.

La pili ni uandishi wa fasili. Katika kamusi ya Kinyakyusa kwa Kiswahili, kidahizo -enda kisipewe -enda ya Kiswahili bila maelezo. Kiandikiwe 'kuwa katika mwendo, hasa kwa miguu, kuwamo safarini, hakitaji mahali pa kufikia', na msomaji aelekezwe kulinganisha na -buuka. Katika kamusi za Kiswahili nazo, kidahizo -enda kianze kwa kutenganisha maana mbili, ya mwendo na ya kuelekea mahali, na matumizi kama 'saa haiendi' yapangwe chini ya maana ya kwanza badala ya kutupwa mwishoni pamoja na nahau. Huenda na endapo viwe na vidahizo vyake vyenye rejea ya asili yake.

La tatu ni ufundishaji. Wanafunzi wengi wa uzamili katika idara za Kiswahili wana lugha nyingine ya Kibantu kama lugha ya kwanza, na wengi wamezoezwa kuiona lugha hiyo kama chanzo cha makosa, kitu cha kutajwa katika sura ya athari za lugha mama. Yafaa waelekezwe kuiona pia kama chanzo cha ushahidi. Mwanafunzi anayetoka Rungwe anajua bila kufundishwa kwamba kutembea na kuelekea mahali ni matendo mawili yenye majina mawili. Ujuzi huo, ukiletwa darasani na kupangwa kwa nidhamu ya kitaaluma, unaweza kufafanua -enda ya Kiswahili kuliko ufafanuzi wa mzungumzaji asiyewahi kuona maana hizo zikitengana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamechukua kitenzi kimoja na kuonyesha kwamba umbo moja katika lugha mbili za ukoo mmoja linaweza kubeba mizigo tofauti. -Enda ya Kinyakyusa imebaki na mwendo, na kazi ya kuelekea mahali imeachiwa -buuka. -Enda ya Kiswahili imebeba yote mawili, na alama za mwendo wa kale zimebaki katika mwenendo, katika saa isiyokwenda, katika methali na katika huenda. Mambo haya hayaonekani kwa mtafiti anayezisawazisha lugha hizi kabla ya kuzisikiliza. Kazi inayobaki ni kuvichunguza kwa utaratibu huo huo vitenzi vingine vya mwendo vya Kinyakyusa, vya kuja, kupita, kupanda, kuteremka na kurudi, na kuviandika kwa Kiswahili, ili matokeo yasomwe pia na wenye lugha.